Gogo la Nta

Mshauri aliyeletwa kazini kwetu alikuwa kijana mpole, wa kuongea polepole kana kwamba anaogopa kutuamsha. Aliitwa aje awatulize wauguzi, maana wengine wetu tumekuwa tukijificha kulia kwenye stoo ya dawa, na mkubwa wetu aliona mambo hayo hayapendezi. Kila mmoja aliambiwa aje na vipande vya mishumaa vilivyobaki nyumbani kwake. Tungeviyeyusha, tufinyange chochote kinachotujia akilini, halafu tueleze kitu hicho kinasema nini juu yetu. Wenzangu walifinyanga mioyo na misalaba. Mmoja alitengeneza kikombe, akasema kikombe hicho ni yeye, na kimekauka. Tulimpigia makofi.

Mimi sikufinyanga kitu. Sufuria ilipopata moto na ile harufu ikapanda, harufu ya nta na utambi ulioungua na vumbi la droo, nilichota nta kidogo nikaishika kiganjani mpaka ikaganda. Kijana akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nimechoka. Akasema ndiyo sababu tuko hapa, na akapita kwa mwingine. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba zoezi lake nililifanya zamani mtaani Jericho, hapa Nairobi, kabla yeye hajazaliwa, tena kwa miezi, pamoja na baba yangu. Nilirudi kwangu Komarock, nikavua viatu, na nimekaa kuyaandika haya kabla usingizi haujanishika.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Eastlands mnakumbuka kwamba hakuna nyumba iliyotupa kipande cha mshumaa. Zipu ya sketi ya shule ikikwama, uliisugua nta. Pasi ya makaa ikianza kunata, uliipitisha juu ya kitambaa chenye nta. Droo ya kabati, mlango uliovimba mvua ya masika, sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu, vyote vilipata haki yao. Stima ilikuwa ikipotea ovyo, na mishumaa ilikuwa mingi. Kwa hiyo sikushangaa sana Baba alipoanza kukusanya vile vipande. Nilishangaa alipoanza kuvichonga.

Baba alikuwa mchongaji. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa kijana, akaingia katika kibanda cha wachongaji ambako kila mtu ana mnyama wake. Wa vifaru hakugusa simba, na wa ndovu hakuingilia mambo ya swara. Baba alikuwa wa twiga. Alichonga twiga tangu kabla sijazaliwa, akiwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kipande cha mti amekibana katikati ya nyayo zake, na tezo lake dogo likipanda na kushuka katika mkono wa kulia. Nikienda kumpelekea chakula wakati wa likizo nilikuwa nikiogopa kwamba siku moja atajikata vidole vya miguu. Hakuwahi kujikata. Kilichompata kilimkuta nyumbani, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Alianguka upande mmoja kama gunia lisiloegemezwa vizuri. Kiharusi. Mdomo ulirudi karibu mahali pake, mguu ukarudi ukiburuta kidogo, lakini mkono wa kulia haukurudi.

"Hii mkono imekataa kuskia," alikuwa akiwaambia wageni waliokuja kumjulia hali, kwa sauti ile ile ya kulalamikia mtoto mtundu.

Hospitalini walimwambia afanye mazoezi, afinye kitu laini. Wakampa mpira mdogo. Hakuupenda. Alisema mtu mzima hawezi kushinda nyumbani akichezea mpira huku watoto wa jirani wanamchungulia. Mpira ukapotea chini ya kitanda, na nadhani aliupoteza kwa makusudi. Kisha jioni moja stima ilipotea, na sisi watatu, Baba na Mama na mimi mtoto wao wa pekee, tukawa tumeketi mezani tukingoja irudi. Baba alikuwa akibandua nta iliyochuruzika pembeni mwa mshumaa, akiisokota kwa kidole gumba kizembe cha mkono wa kulia na kile kinachokifuata. Alisokota muda mrefu. Alipofungua mkono, palikuwa na mguu wa twiga, kwato na goti vyote vipo. Mama aliuangalia, akamwangalia Baba, akaondoka kwenda kupakua chakula.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na gogo la nta. Baba aliliita gogo, na ole wako uliite jina jingine. Vipande vyote vilitiwa katika mkebe wa mafuta ya kupikia, na mkebe ukawekwa ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, kwa sababu nta ukiiweka juu ya makaa moja kwa moja inashika moto. Ikiyeyuka, tuliichuja kwa soksi yangu ya shule iliyotoboka kisigino, nikiwa nimeifunga pale penye tundu. Tambi na njiti za kiberiti zilibaki ndani. Kisha Baba aliongeza kidonge cha nta ya nyuki, ile nyeusi inayonukia asali, ambayo nyanya yangu alituma kutoka nyumbani Ukambani ikiwa imefungwa karatasi. Alisema nta ya mshumaa ni ya uwongo, inavunjika bila kukuonya, na ile ya nyuki inaitia adabu. Mchanganyiko huo tuliumimina katika pakiti ya unga niliyoizungushia uzi ili isimame wima. Kesho yake tulichana karatasi, na gogo likatoka, jeupe lenye madoa, refu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Hata hapo hakuligusa. Aliliacha lipumzike siku nzima, kama mti uliokatwa karibuni.

Alichonga asubuhi, kabla jua halijailegeza nta. Aliketi juu ya mkeka, gogo kati ya nyayo, kisu cha mkate katika ule mkono wa kulia, mpini ameuzungushia kitambaa ili vidole vipate kuushika. Mwili wa twiga ulitoka vizuri. Miguu ilitoka. Shingo ndiyo iliyomshinda. Mkono ulitetemeka, kisu kikapita mahali kisipotakiwa, shingo ikavunjika.

"Shingo ndio kazi," aliniambia. "Mwili hata ng'ombe iko nayo."

Ikivunjika hakutukana wala hakurusha kisu. Aliiangalia kidogo, akakusanya kila kitu, hata yale maganda madogo yaliyotawanyika mkekani, akarudisha mkebeni. Keshokutwa gogo jipya, twiga yule yule. Ila nta ikiyeyushwa hupungua. Nyingine ilibaki kwenye soksi, nyingine kwenye sufuria ambayo Mama aliikwangua akiguna, nyingine ikakanyagwa sakafuni. Gogo lililokuwa kama mkono likawa kama gunzi la mahindi.

Jioni moja nilikuwa naosha vyombo kwenye karai nje ya mlango wa jikoni. Mama alikuwa amerudi kutoka soko la Jericho alikouza mboga, na walikuwa wakizungumza ndani bila kujali kama nasikia.

"Hii nta ikiisha," Baba alisema, "turudi nyumbani."

"Na shule ya mtoto?"

"Hata huko kuna shule."

Nilisikia Mama akivuta kiti. Kisha akasema, "Sawa. Ikiisha."

Nilibaki nimeshika sahani na maji yakinichuruzika mpaka viwikoni. Inabidi niwaeleze jinsi nilivyoelewa mimi, maana mtu mzima angesikia habari ya kuhama tu. Katika umri wangu wote sikuwa nimeona mtu akiihama Jericho kwa miguu yake. Zile zilikuwa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, na mtu aliyebahatika kupata moja hakuiachia. Alizeekea humo, watoto wake wakaolewa na kuoa humo. Familia niliyoiona ikipakia vitanda na makochi kwenye lori ilikuwa moja, ya jirani yetu Baba Wekesa aliyefanya kazi reli, na siku hiyo Baba Wekesa mwenyewe alikuwa mbele ya lori katika gari jingine, ndani ya sanduku lenye maua ya plastiki, akipelekwa kwao magharibi kuzikwa. Mkewe na watoto walimfuata na vyombo vyao vyote, na hawakurudi. Watu wengine niliosikia wamerudi nyumbani walirudi hivyo hivyo, watu wakiimba, basi limekodishwa, kitambaa chekundu kimefungwa mbele. Kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi. Nta ikiisha, Baba anakufa. Na tena amekubaliana na Mama.

Nikaanza kutafuta nta.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile, na nimefanya zamu mbili mfululizo mara nyingi tu. Stima ilipopotea nilifurahi. Iliporudi na mtaa mzima ukashangilia, mimi nilikuwa tayari nimesimama mlangoni kwa Mama Awuor, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi, nikingoja apulize mshumaa.

"Wewe mtoto," alisema, "si uwache angalau ipoe."

Aliponipa nilikimbia nyumba ya pili, na ya tatu, kabla hawajavitia droo. Vijana waliokaa ukutani karibu na duka waliniona nikipita na mfuko wangu. "Niaje Kanini," walinipigia kelele, "budako siku hizi anakula mishumaa ama?" Waliposema hivyo juu ya Baba niliongeza mwendo. Mtu aliyebeba maisha ya baba yake kwenye mfuko wa karatasi hana wakati wa kubishana na watu.

Nilipofika nyumbani nilimwaga mzigo wangu mbele ya Baba. Aliuangalia, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Asante, mama." Hivyo ndivyo alivyoniita akiwa ameguswa. Ile pumzi niliipenda sana. Nilidhani ni ya mtu aliyeongezewa siku. Nilikuwa nikilala nikiikumbuka.

Aliyenikasirisha alikuwa Mama. Siku moja alinishika bega jikoni, akaninong'oneza niwache kuleta hizo vitu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema tu, "Wacha," na akarudi kukata sukuma wiki. Nilimchukia, nalisema wazi. Niliona amekata tamaa na Baba, kwamba amechoka kumfunga vifungo vya shati na sasa anataka nta iishe upesi. Nilikula chakula chake nikiwa nimenuna, na usiku niliomba Mungu ambadilishe moyo.

Kwa hiyo Baba aliendelea. Gogo lilinenepa tena. Kila asubuhi ya Jumamosi na ya likizo niliketi mbele yake nikiitazama ile shingo ikitoka polepole, huku nami nimekaza shingo yangu mpaka inauma. Mara nyingine ilifika mashavuni mwa twiga kabla ya kuvunjika. Mara nyingine ilikatika mwanzo mwanzo. Jasho lilimtoka Baba kwenye kipaji cha uso kwa kazi ya kukwangua kitu laini kuliko sabuni. Nikawa namfuta kwa kanga ya Mama.

Baada ya Pasaka, Mama Awuor na wanawake wa jumuiya yao walikwenda kusafisha kanisa. Usiku wa mkesha kila muumini hushika mshumaa, na asubuhi yake sakafu na mabenchi huwa yamejaa nta. Walikwangua kwa visu na vifuniko vya mikebe. Wakapata mfuko mzima, na hawakujua wafanye nini nao, kwa sababu ile mishumaa ilikuwa imebarikiwa na haifai kutupwa takani pamoja na maganda ya ndizi. Mama Awuor akanikumbuka.

"Mpelekee baba yako," aliniambia. "Huyo twiga wake akiwa wa baraka labda atasimama."

Niliubeba kichwani. Ulikuwa mzito, na nilikatisha mtaa nikiona kwamba nimeshinda, kwamba kwa nta kiasi kile Baba ataishi mpaka mimi nitakapokuwa mwalimu, maana wakati ule nilitaka ualimu. Nilimkuta mkekani. Shingo ilikuwa imevunjika muda huo huo, kichwa cha twiga kimelala kando ya mguu wake. Niliutua mfuko mbele yake.

"Ni nini hiyo?"

"Nta. Ya kanisa. Imebarikiwa."

Aliufungua kwa mkono wa kushoto. Akachungulia ndani, akakaa akiangalia muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuangalia nta. Kisha akakiweka kisu chini.

"Kanini, keti hapa. Nani anakutuma?"

"Hakuna."

"Sasa mbona unaleta kila siku?"

"Ndio isiishe."

"Na ikiisha?"

Sikutaka kulitamka. Lakini alikuwa akiningoja, na mimi nilikuwa nimechoka kulibeba peke yangu.

"Utaenda nyumbani," nilisema. "Kama Baba Wekesa."

Alianza kucheka, kwa ule mdomo wake uliopinda kidogo, na mkono wa kushoto ukapanda kufunika macho. Ulikaa hapo. Mabega yaliendelea kutikisika hata baada ya kicheko kwisha, na mimi nikawa sijui nifanye nini, kwa hiyo nikaokota maganda ya nta mkekani moja baada ya jingine.

"Baba Wekesa alikuwa amekufa, mama," alisema mwishowe. "Mimi nimechoka tu."

"Kuchoka na kufa si ni kitu moja?"

"Hapana. Mimi nikilala, naamka."

Kisha aliniambia jambo ambalo nadhani alikuwa hajamwambia hata Mama waziwazi. Alisema mkono haurudi. Alilijua hilo tangu gogo la kwanza, alilisikia ndani ya mfupa, kama anavyojua mti wenye ufa kabla hajaupasua. Nta ilikuwa njia yake ya kuuaga mkono polepole. Alitaka iishe, ili aache kujaribu. "Lakini kila nikitaka kuwacha, wewe huyo umeleta ingine," alisema. "Umekimbia mpaka unahema. Sasa nitakuambia aje sitaki?"

Alinigusa goti kwa ule mkono mbovu, uzito wake wote ukiwa umelala pale kwa sababu hakuweza kuushikilia.

"Niruhusu nipumzike, Kanini. Tafadhali."

Baba yangu hakuwa mtu wa tafadhali. Nilimwangalia uso, na kwa mara ya kwanza nikauona jinsi ulivyokuwa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ile pumzi ndefu niliyoipenda, aliishusha tena hapo hapo mbele yangu, na safari hii niliisikia vizuri. Hata hivyo sikumwamini moja kwa moja. Mtoto aliyeogopa muda mrefu hataki maneno.

"Basi lala nione," nilimwambia.

Tulihama shule zilipofungwa. Mfuko wa kanisa tulimrudishia Mama Awuor, na wanawake wa jumuiya wakautengenezea mishumaa minene ya kuwashia wagonjwa. Siku ya kupakia vyombo majirani walitoka wakasimama hawajui wafanye nini, kwa sababu wamezoea kumwimbia mtu anayeondoka na huyu alikuwa ameketi mbele kando ya dereva, amevaa kofia, anakula ndizi. Mama Awuor alilia hata hivyo. Baba aliishi Ukambani miaka mingi, akaota kitambi, akawa mtu wa kubishana na wenzake kuhusu siasa kivulini. Wazee hao wakimuuliza kuhusu twiga alisema alishawachonga wa kutosha dunia nzima. Hakushika kisu tena isipokuwa cha kumenyea viazi, kwa mkono wa kushoto, na alimenya vibaya, nusu ya kiazi ikienda na ganda.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule alifanya nilivyomwambia. Alijinyoosha pale pale mkekani, akauweka mkono wa kulia juu ya tumbo kwa kuuinua na wa kushoto, na akafumba macho. Nilidhani anaigiza, kama watu wazima wanavyofanya ili mtoto aondoke. Baada ya muda kidogo mdomo ulifunguka, akaanza kukoroma. Sikuondoka. Niliketi karibu na kichwa chake nikiangalia kifua kikipanda na kushuka, na kila kilipochelewa kidogo niliweka kiganja changu karibu na pua yake mpaka nihisi joto. Nje watoto walikuwa wakicheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi, na nilitamani wanyamaze. Jua liliingia mlangoni, likafika miguuni pake, likapanda. Nzi alitua kwenye shavu lake, nikamfukuza.

Mama alirudi kutoka sokoni na mzigo wa mboga zilizobaki kichwani. Alisimama mlangoni. Aliuona mfuko wa nta, akaona kisu kimewekwa chini, akaniona mimi, akamwona mumewe amelala chali mchana kweupe, na uso wake ukabadilika. Alifungua mdomo kumwita.

"Usimwamshe," nilimwambia kwa kunong'ona. "Amechoka."

Mama aliniangalia. Kisha aliutua mzigo wake polepole, sukuma wiki zisifanye hata sauti, akavua viatu, na akaja akajilaza upande wa pili wa mkeka.